Bila mashine ya laktati, nitajuaje mgonjwa wa shoki ya sepsisi anaelekea wapi?

Swali: "Daktari, hospitali yetu haina ICU, na mashine ya laktati ililetwa lakini karatasi zake ziliisha mwezi wa pili. Usiku tuko mimi na klinikal ofisa mmoja. Mgonjwa wa shoki ya sepsisi akiingia, ni nini naweza kuona mapema hapo kitandani kiniambie huyu ataenda vizuri ama huyu nianze kutafuta ambulensi? Na nikiona hali ni mbaya, niwaambie watu wake waite wale wa nyumbani?" Nesi wa wodi ya wanaume, Siaya.

Sista, pole na kazi. Hio ya karatasi naijua, nimefanya kazi Nakuru na Kisumu miaka mingi na bado sijaona mashine ya laktati iliyoharibika kabla karatasi zake kuisha. Lakini usijione maskini sana kwa sababu ya hilo, utaona mbona.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nani. Tangu 2016 shoki ya sepsisi inahesabiwa hivi: mtu ana maambukizi, amepewa maji ya kutosha, na bado anahitaji dawa ya kupandisha presha ndio presha ya wastani isimame 65, na laktati yake, yaani ile asidi inayojaa kwa damu wakati mwili haupati damu ya kutosha, iko juu ya 2. Wagonjwa wa namna hio, zaidi ya 40 kwa kila 100 walifia hospitalini, na hizo ni hospitali zilizo na kila kitu. Sasa wewe ukingoja yote hayo yatimie saa nane ya usiku na huna laktati wala hio dawa, utangoja hadi mgonjwa akutoke. Kwa hivyo wewe kazi yako inaanza mapema kidogo, wakati mtu bado anaongea.

Na hapo kwa kuongea ndio mimi nilidanganywa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ahero, siku hizo nilikuwa nimemaliza intaniship juzi tu, aliletwa jioni na kidonda cha mguu, anatusalimia wote, anauliza kama huku tunapika ugali ama ni wali tu kila siku. Presha 104 kwa 40. Mapigo 128. Mimi nikaangalia ile 104 nikasema afadhali, nikaandika apimwe tena baada ya masaa manne, nikaenda kwa wengine waliokuwa wanapiga kelele. Kufika saa saba usiku hajui yuko wapi, na kabla kupambazuke tukampoteza.

Sasa chukua zile nambari uzipige hesabu vizuri. Presha ya wastani kama monita haikuonyeshi, chukua ya chini mara mbili, ongeza ya juu, gawanya kwa tatu. 40 na 40 ni 80, na 104 ni 184, gawa kwa tatu unapata 61. Iko chini ya 65 tayari, na mimi nilikuwa nafurahia 104. Presha ya chini ikianguka hivyo wakati mapigo yanakimbia, inakwambia mishipa imelegea, moyo unasukuma damu kwa mabomba yasiyokaza. Halafu gawanya mapigo kwa presha ya juu, 128 kwa 104, inapita 1.2. Mtu mzima mwenye afya huwa karibu 0.5 hadi 0.7. Ikipita 1 na umeshampa maji na haishuki, huyo usimwache aende kona ya wodi, mlete kitanda cha karibu na meza yako. Hesabu hio ni ya zamani sana, ilianza kutumika 1967 kwa watu waliovuja damu, na haihitaji kitu chochote ila simu yenye kalkuleta.

Lakini presha peke yake sio rafiki wa kuaminika. Inaweza kupanda kwa sababu umeweka adrenalini na bado vidole, figo na utumbo havipati damu. Kwa hivyo twende kwa kidole, na hapa nitakaa kidogo manake hapa ndio utajiri wako uko.

Kapilari rifili, yaani muda wa damu kurudi kwa ngozi, tunaijua wote, unabonyeza unaachilia, lakini vile tunaifanya wodini ni kama mtu anabonyeza kengele ya mlango, sekunde moja halafu anaandika "chini ya 3" kwa faili. Ifanye hivi: chukua slaidi ya kioo kutoka maabara, ile ya kupimia malaria, iweke kwa tumbo la kidole cha shahada cha mkono wa kulia, bonyeza polepole hadi ngozi chini ya kioo ipauke kabisa, ushikilie hapo sekunde 10 za saa, sio za kichwani, halafu achilia uhesabu hadi rangi irudi. Ikipita sekunde 3 sio sawa. Tumbo la kidole linafaa kwa ngozi yetu kwa sababu hapo sisi wote tuko na rangi nyepesi, na usiku washa tochi ya simu, usitegemee ile taa ya katikati ya wodi. Mkono uwe usawa wa moyo, usining'inie kando ya kitanda. Akiwa na upungufu mkubwa wa damu, na huko kwenu na malaria mtakuwa nao wengi, rangi haionekani vizuri na utabaki kubahatisha, hapo tumia joto la ngozi zaidi.

Halafu rudia kila nusu saa. Kipimo cha kwanza kinakwambia amefika akiwa wapi, cha pili na cha tatu ndio vinakwambia anaenda wapi. Mtu aliyeingia na sekunde 6, baada ya lita ya kwanza na antibayotiki akawa 4, halafu 3, huyo hata kama presha bado inasumbua mimi napumua kidogo. Aliyeingia na 4 na baada ya masaa mawili ya kazi nzuri bado ni 4 ama amefika 5, huyo ndiye wa ambulensi.

Sasa ile niliyokuambia usijione maskini. Kuna utafiti unaitwa ANDROMEDA-SHOCK, ulitoka 2019, hospitali 28 katika nchi 5 za Amerika Kusini, wagonjwa 424 wa shoki ya sepsisi. Nusu matibabu yao yalifuata laktati kila masaa mawili, nusu yalifuata hicho kidole kila nusu saa. Baada ya siku 28, upande wa kidole walikuwa wamekufa 34.9%, upande wa laktati 43.4%. Tofauti hio haikufika kabisa pale watu wa takwimu wanataka ndio useme kidole kimeshinda, kwa hivyo sisemi kimeshinda, nasema tu hakikushindwa na mashine. Na mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 sasa unapendekeza kidole kitumike kuongoza matibabu pamoja na vipimo vingine. Na tukiwa hapo, laktati yenyewe ina maneno mengi, adrenalini unayompa inaipandisha, ini likiwa bovu haishuki haraka, malaria kali nayo inaipandisha. Ukiwa nayo itumie, lakini itumie ukijua hivyo.

Kutoka kwa kidole nenda kwa magoti. Paris mwaka 2011 madaktari waliangalia wagonjwa 60 wa shoki ya sepsisi, wakapima vile mabaka ya zambarau yameenea kutoka goti, sifuri hadi 5. Moja ni baka dogo kama sarafu katikati ya goti, 5 yamepita kinena. Kwa saa ya sita, mabaka, mkojo kupungua na laktati ndio vilifuatana sana na kifo ndani ya siku 14, ilhali presha ya wastani haikuweza kutenganisha waliokufa na waliopona. Shida yetu ni kwamba mabaka hayo kwa ngozi nyeusi hayaonekani, ama unayaona yakiwa yamechelewa sana, na vitabu vingi vinaandikwa kana kwamba wagonjwa wote ni weupe. Mimi huwa natumia mgongo wa mkono. Anza kwa kidole kikubwa cha mguu, panda, gusa wayo, kifundo, muundi, goti, paja, hadi pale unapokuta joto, halafu andika pale: "baridi hadi chini ya goti." Baada ya saa moja rudia. Baridi ikipanda kwenda pajani, anaenda vibaya, ikishuka kwenda kifundo anarudi. Sio uchawi, joto la kidole kikubwa cha mguu liliandikwa kama kipimo cha ukali wa shoki tangu 1969, ni sisi tu tulipenda monita tukasahau.

Angalizo la Nakuru: Julai asubuhi kule kila mtu ana miguu baridi, hata nesi. Mfunike blanketi robo saa halafu uguse tena, na gusa pia mgonjwa wa kitanda jirani ambaye hana shoki, huyo ndiye kipimo chako cha hewa ya siku hio. Kisumu na Siaya baridi ya miguu huwa haina kisingizio.

Kupumua sitachukua muda, ila nitasema hili. Fungua faili zozote kumi za wodi yoyote uone, wodi nzima inapumua 20. Yule wa nimonia 20, yule wa hernia 20, na kama hawatakuwa waangalifu hata aliyekufa atakuwa 20. Hesabu dakika nzima. Ikifika 22 anza kuwa macho, ikifika 30 na mapafu yake ni safi jiulize kama anajaribu kutoa asidi mwilini, manake hio ni njia ya mwili kukuonyesha laktati bila karatasi. Na ile klipu ya oksijeni ikikataa kusoma kwa kidole cha mkono, usibadilishe kidole mara tano ukilaumu betri, kidole chenyewe kinaweza kuwa hakina damu. Jambo lingine, klipu hizo huwa zinasoma juu zaidi ya ukweli kwa watu weusi, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kukosa oksijeni kunakofichwa na klipu kulikuwa karibu mara tatu kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hivyo 92 yetu usiishangilie.

Akili ya mgonjwa, muulize mtu wake. Wewe unamwona leo mara ya kwanza, utasema ametulia, bibi yake atakwambia "huyu sio yeye, huyu hakai kimya hivi." Chukua neno la bibi kuliko la faili. Ila kabla hujasema ni sepsisi imefika kwa kichwa, pima sukari, manake maambukizi makali na malaria vyote vinashusha sukari na hapo dekstrosi inamrudisha mtu mbele ya macho yako.

Mkojo: katheta, ule mpira wa mkojo, mapema, na usitosheke na kuandika "mfuko una mkojo". Nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa, yaani mtu wa kilo 60 unataka 30 kila saa, masaa manne 120. Mwaga ule wa kwanza uliokuwa tayari kwa kibofu, andika, anza kuhesabu hapo. Rangi ikiwa kama strungi na ni vijiko viwili kwa saa mbili, figo zimeshaanza kufunga duka.

Ukitaka nambari moja ya kumwambia daktari wa rufaa kwa simu, kuna hesabu ya pointi inaitwa UVA, ilitoka 2017 na ilitengenezwa na data ya wagonjwa 5,573 wa hospitali za nchi 6 za Afrika, sio za Boston, na ndio maana naipenda kuliko qSOFA, ile hesabu fupi ya kupumua, akili na presha, ambayo ule mwongozo wa 2021 unasema usiitegemee peke yake kuchuja wagonjwa. Pointi ni hivi: joto la mwili chini ya 36 pointi 2, mapigo 120 kwenda juu 1, kupumua 30 kwenda juu 1, presha ya juu chini ya 90 pointi 1, oksijeni chini ya 92 pointi 2, akili isiyo timamu, yaani GCS, kile kipimo cha fahamu, chini ya 15, pointi 4, na akiwa na virusi vya ukimwi 2. Ikipita 4 yuko kwa kundi la hatari kubwa. Ona vile kuchanganyikiwa kuna pointi nne na presha ina moja. Ona pia ni mwili baridi ndio unaohesabiwa, homa haina pointi, ilhali sisi mgonjwa akiwa 35.4 tunasema afadhali homa imeshuka. Mtu ana maambukizi na mwili umeshindwa hata kuchemka, huyo ni mbaya zaidi.

Hizi dalili zote zisome ukijua umefanya nini, manake dalili ya mtu ambaye hajatibiwa ni ya kukuamsha tu. Antibayotiki ndani ya saa ya kwanza, damu ya kuotesha vijidudu maabara ichukuliwe kabla kama chupa iko, isipokuwepo usingoje. Utafiti wa Kanada na Marekani wa 2006 ulipata kila saa ya kuchelewa baada ya presha kuanguka, kwa masaa sita ya mwanzo, inapunguza kupona kwa wastani wa 7.6%. Kuna usaha, utolewe, usipotolewa utapima kidole hadi asubuhi na hakitabadilika.

Na maji, sista, maji tafadhali pole pole na macho. Sisi tumefunzwa shoki ni maji, na ule mwongozo unapendekeza mililita 30 kwa kilo ndani ya masaa matatu, lakini huku kwetu kuna ushahidi wa kututia adabu. Utafiti wa FEAST wa 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 10.5% ndani ya masaa 48, wale hawakupewa 7.3%. Watu wazima wa Lusaka, 2017, wengi wao wakiwa na virusi vya ukimwi, waliofuata mpango wa maji mengi na dawa za presha walikufa 48.1%, wa matibabu ya kawaida 33%. Kwa hivyo kila nusu lita simama, hesabu kupumua, sikiliza mapafu chini nyuma, bonyeza kidole. Kidole kimeitikia na mapafu ni safi, ongeza. Kidole hakijaitikia na kupumua kumetoka 26 kwenda 34, funga dripu, maji hayo sasa yanaingia mahali hayatakiwi, na huyo sasa anahitaji dawa ya presha. Noradrenalini mkiwa nayo inaweza kuanzia kwa mshipa mzuri wa mkono, hapo karibu na kiwiko, usingoje laini ya shingo. Watoto waachie mwongozo wao, usiwapimie na hizi nambari zangu.

Sasa ambulensi uite lini. Mimi uamuzi wangu wa kwanza ni baada ya masaa mawili. Antibayotiki imeingia, maji ya kwanza yameingia, na katika hivi vinne, kidole, baridi ya mguu, akili, mkojo, viwili ama zaidi havijasogea, piga simu Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa Kisumu, ama mahali popote mnapeleka, usingoje presha ianguke 70 ndio upate ujasiri wa kumwamsha mtu. Na kwa simu usiseme "mgonjwa amechange kondishen", sema "sekunde 5 tangu saa nne, baridi hadi juu ya goti, mkojo mililita 20 kwa masaa mawili, hajui jina la mtoto wake." Hakuna daktari atakwambia ngoja asubuhi baada ya hio.

Hilo la kuita watu wa nyumbani. Huku kwetu ukisema "iteni watu" umeshasema amekufa, mabinamu wanaanza kuchanga na kuna mtu tayari anauliza bei ya jeneza, na mbaya zaidi, wodi nayo inaanza kumpita kile kitanda. Kwa hivyo saa ya kwanza sisemi hivyo hata aonekane vipi, nasema ni mgonjwa sana na usiku huu tutamwangalia kila nusu saa. Saa ya sita ndio naongea vizuri. Kama kila kitu kimefanywa na baridi inapanda, mkojo hakuna na akili inaenda, naita bibi na mtu mmoja mkubwa wa familia, tunakaa chini, naambia mwili haujaitikia vile tulitarajia, tunaendelea na dawa, na kama kuna mtu angetaka kumwona, asingoje wikendi. Kama dalili zinabishana, hii imepanda hii imeshuka, nawaambia hivyo hivyo kwamba sijui bado, na narudi baada ya masaa mawili kuwaambia tena.

Nilijifunza hio kwa kijana mmoja wa boda, jipu la paja lilikuwa limeingia ndani, aliletwa presha 78 kwa 36, mapigo 142, kidole sekunde 7. Mwenzangu akawaambia watu wake waite nyumba hapo hapo mlangoni. Jipu likapasuliwa usiku huo, antibayotiki, maji kidogo kidogo, dawa ya presha. Saa ya tatu kidole 4, saa ya sita 3 na magoti yamepata joto, ingawa presha ilikuwa bado inatutia wasiwasi na mimi sikuthubutu kumwambia mtu chochote. Asubuhi matatu mbili zilikuwa zimejaa kutoka Bondo, wamama wamefunga leso kiunoni, mjomba amekuja na kitabu cha michango. Jamaa akafungua macho akawaona wamezunguka kitanda, akamuuliza mamake ni nani amekufa.